Wagonjwa Wanane wa Kwanza Si wa Daktari

Ukikaa kwenye baraza yoyote ya kahawa Ngamiani, hapa Tanga, ukataja daktari aliyefungua kliniki yake, humalizi kikombe kabla mtu hajapiga hesabu. Ada ya kumwona ni 15,000. Kwa siku anaona wagonjwa 12, kwa mwezi anafungua siku 26. "Hiyo ni milioni nne laki sita na themanini, jamani!" Hapo hapo analetwa mwenzake aliyebaki kwenye ajira pale Bombo, hospitali ya serikali ya mkoa, na mshahara wake wa milioni moja na nusu, na hukumu inatolewa bila rufaa: huyu wa serikali amelala.

Hesabu hiyo inapendeza masikioni lakini imechanganya mambo. Upande mmoja imeweka mauzo, upande wa pili imeweka mshahara. Hakuna muuza samaki wa Deep Sea anayeita mauzo ya asubuhi faida yake, maana anajua kuna barafu, mafuta ya boti na mvuvi anayesubiri chake. Kwa daktari tunasahau yote hayo, labda kwa sababu mtaji wake mkubwa uko kichwani na hauonekani.

Nataka tuipige upya hesabu hiyo, taratibu. Namba nitakazotumia kwa mshahara, pango na ada ni za mfano, ili hesabu isomeke. Kila daktari anazijua zake. Viwango vya makato si vya mfano, hivyo ni vya sheria.

Tuanze na mwajiriwa wa serikali, maana yake iko kwenye karatasi moja. Mshahara ni 1,500,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 75,000. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, asilimia 3, yaani 45,000. Kodi inapigwa baada ya kutoa mchango wa pensheni, na kila shilingi inayozidi milioni moja inatozwa asilimia 30 juu ya zile 128,000 za madaraja ya chini, kwa hiyo TRA inaondoka na 255,500. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15, ambayo ni 225,000, kwa kuwa waliosoma udaktari miaka 5 bila mkopo ni watoto wa watu wachache sana. Jumla ya makato ni 600,500. Kinachoingia benki ni 899,500.

Daktari kijana akiona namba hiyo kwenye simu yake baada ya miaka 5 ya chuo na mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, simlaumu akianza kuulizia bei ya chumba cha kupanga Barabara ya Kumi na Mbili. Lakini simu yake haimwambii yote. Mwajiri anamwekea PSSSF asilimia 15 nyingine, 225,000, na NHIF asilimia 3 nyingine, 45,000. Kwa maneno mengine kila mwezi kuna 300,000 zinazokwenda kwenye pensheni yake na 90,000 kwenye bima yake na ya watoto wake, na sehemu kubwa ya hizo hakuitoa yeye.

Sasa tuingie kliniki. Nyumba ya vyumba vinne iliyo pembezoni mwa barabara, pango 500,000. Wauguzi wawili, pamoja na michango yao, 1,000,000. Wa mapokezi 350,000, wa usafi 250,000, mlinzi 250,000. Umeme, maji na mafuta ya jenereta 300,000. Glavu, sindano, dawa za kuua vijidudu, karatasi na wino 250,000. Halafu kuna mlolongo wa ada za mwaka: usajili wa kituo, leseni ya daktari mwenyewe kwa Baraza la Madaktari, zimamoto, OSHA wa usalama mahali pa kazi, ushuru wa huduma wa jiji unaokatwa kwenye mauzo, na akiweka mashine ya eksirei anaongeza Tume ya Nguvu za Atomiki. Nikizigawa kwa miezi 12 naweka 200,000, na mwenye kliniki akisoma hapa atasema nimempunguzia. Sijagusa ile asilimia 10 ya pango ambayo mpangaji anatakiwa kumkata mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi hawataki kuisikia, wanasema "mimi nataka yangu kamili," na mpangaji anailipa mwenyewe ili yaishe.

Jumla ni 3,100,000 kwa mwezi, aje mgonjwa asije.

Mgonjwa mmoja wa kila siku, kwa siku 26, analeta 390,000. Ukigawa gharama kwa hiyo unapata karibu 8. Yaani wagonjwa wanane wa kwanza wa kila siku hawamlipi daktari chochote. Mmoja na robo ni wa mwenye nyumba, wawili na zaidi ni wa wauguzi, na waliobaki ni wa umeme, mlinzi na serikali. Daktari anaanza kujifanyia kazi yeye mwenyewe akiingia mgonjwa wa tisa, na kwa kliniki ya jioni mgonjwa huyo huenda akawa anabisha hodi baada ya Isha.

Wakifika 12 kama baraza lilivyosema, kinachobaki ni 1,580,000. Kodi kwa madaraja yale yale ni 302,000. Asiye na mwajiri anatakiwa kuirejeshea Bodi ya Mikopo asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na si chini ya 100,000 kwa mwezi. Hapa ni 158,000. Zinabaki 1,120,000. Ukiishia hapo amemshinda wa Bombo. Lakini wa Bombo ana 300,000 za pensheni na 90,000 za bima zinazowekwa kila mwezi, na huyu akitaka kuzeeka kama mwenzake lazima azitoe mfukoni. Zikitoka, zinabaki 730,000.

Kwa hiyo daktari wa milioni nne laki sita na themanini anamaliza mwezi akiwa nyuma ya mwenzake wa milioni moja na nusu.

Mgonjwa wa 13 ndiye anayewafikisha pamoja, maana gharama zimeshalipwa na mtu huyo analeta 234,000 safi kwa mwezi baada ya kodi na mkopo. Kuanzia wa 14 mwenye kliniki anapaa, na akifikisha 20 anakaribia mara tatu ya mwenzake, nikiacha glavu za ziada. Ndiyo maana ukiuliza kama kliniki inalipa zaidi ya ajira, wenye kliniki wawili wa mtaa mmoja watakupa majibu mawili yanayopingana, na wote wanasema kweli. Tofauti yao ni wagonjwa sita au saba kwa siku, idadi inayoweza kuletwa au kuondolewa na kituo kipya cha bodaboda, mvua, au daktari mwingine aliyefungua hatua mia moja kutoka kwako.

Na Tanga ina misimu yake. Masika ikikolea, mbu wanazaliana na homa zinajaza benchi. Ukiingia mwezi wa Ramadhani mchana unakuwa mkavu. Watu wanavumilia maumivu mpaka wafuturu, na wengine mpaka watoke kwenye tarawehe. Januari ada za shule zinakula kila kitu, na mtu aliyekuwa aje kupimwa presha anasema ataona mwezi ujao. Mshahara wa serikali haujui masika wala Januari. Kliniki inayajua yote mawili, na mlinzi hapunguzi hata shilingi kwa sababu ya mfungo.

Msomaji mjuzi atanikatiza hapa: mbona umeficha maabara na dirisha la dawa? Sijaficha, nimeviweka pembeni kwa sababu ndipo penye utamu na ndipo penye uchungu. Mwenye kliniki yeyote anajua kwamba ada ya kumwona daktari inafungua mlango tu. Fedha iko kwenye vipimo na dawa. Ada ni 15,000, lakini mgonjwa wa homa akiandikiwa kipimo cha malaria, picha kamili ya damu, mkojo na widal, kipimo cha taifodi, kisha akapewa dawa za siku tano dirishani, anaweza kuondoka ameacha mara tatu au nne ya ada. Kwa hesabu yetu, mgonjwa huyo amefanya kazi ya wagonjwa watatu.

Siku hizi kila homa ya mjini ina majina mawili, UTI na taifodi, na mara nyingi zinakuja pamoja kama mapacha. Kipimo cha widal kinajulikana kwa udhaifu wake. Mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonekana anaumwa leo, na jibu moja pekee halitoshi kumwambia mtu ana taifodi. Madaktari wanalijua hilo tangu chuoni. Lakini daktari anayelipwa mshahara akiandika widal hapati hata senti, na asipoandika hapotezi kitu. Daktari mwenye maabara yake akiacha kuandika, ameacha fedha mezani siku ambayo mgonjwa wa tisa hajaja. Sisemi anaandika kwa wizi. Nasema mkono wa mtu unaandika kwa urahisi zaidi kitu kinachomlisha, na ni nadra mwenye mkono huo kulitambua.

Mwenye mshahara naye ana ugonjwa wake. Akiona wagonjwa 15 au 50, mwisho wa mwezi ni 899,500 ile ile. Anayefanya kazi kwa moyo na anayechelewa, akaondoka mapema na kuacha foleni imekunja kona wanasainishwa karatasi moja. Mshahara haumtumi daktari kumpima mtu bila sababu, lakini haumtumi pia kumharakia. Nimeshasikia watu wakisema wanapenda hospitali ya umma kwa kuwa hawaibiwi na hawaipendi kwa kuwa hawaonwi, na naona wamelieleza jambo hili vizuri kuliko ripoti nyingi.

Sasa tuje kwenye bima, maana ndiyo inayoamua zaidi kuliko ada. Mama mmoja anaingia kliniki jioni, mtoto kamlaza begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kadi hii mnapokea?"

Jibu la swali hilo la mapokezi lina uzito kuliko bango lote lililoandikwa nje. Ukisema hatupokei, mama anapanda bajaji kwenda kwingine, maana mtumishi wa umma na familia yake hawatoi fedha taslimu wakiwa na kadi mkobani. Ukisema tunapokea, umepata mgonjwa lakini hujapata fedha. Umepata fomu. Fomu hiyo ina safu za kujaza, saini na namba za ugonjwa, na ikikosewa kidogo inarudi au inakatwa. Nimekaa na mhasibu wa kituo kimoja akipanga fomu za mwezi kwa mafungu juu ya meza, anazipitia moja moja kama mwalimu anayesahihisha mtihani, anatoa zisizo na saini na kuziweka pembeni. "Hizi za pembeni," aliniambia, "dokta ameshazitibu, ila mimi sijaziona."

Irudie sasa ile kliniki ya wagonjwa 12. Nusu yao wakiwa wa kadi, fedha taslimu ya mwezi ni 2,340,000. Gharama ni 3,100,000. Pengo ni 760,000 na halisubiri, maana wauguzi wanataka mshahara tarehe ile ile. Kwenye daftari kliniki ina faida, lakini droo ni tupu. Daktari anaziba pengo hilo kwa kitu gani? Ama anakopa, na mikopo ya kausha damu inapatikana hata kwa madaktari, ama, kama hajaacha ajira, anachomoa mshahara wake wa serikali, ule wa 899,500, anautumbukiza kwenye kliniki, nyumbani anabaki na 139,500 na maelezo marefu kwa mkewe.

Hapo ndipo nataka kuwafikisha wanaobishana kuhusu kipi kinalipa. Hapa Tanga ajira na kliniki havishindani. Kwa madaktari wengi mshahara wa umma ndio mtaji wa kliniki, ndio dhamana ya mkopo wa kununulia kitanda cha kupimia, ndio kinachovusha miezi ambayo bima haijalipa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Daktari wetu anashika mbili kwa sababu akiiachia moja, ya pili haisimami. Tunayemwita daktari wa kujitegemea mara nyingi anaitegemea hazina ya serikali, ila anaitegemea kimya kimya.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Miaka kumi baadaye, sheria ya 1977 ikafunga mlango wa hospitali binafsi za kutafuta faida. Zilizoruhusiwa ni za serikali na za mashirika kama ya dini, na hospitali ya Teule ya Muheza chini ya Kanisa Anglikana ikaendelea kutibu watu wa wilaya nzima. Kisha ukaja 1991. Februari mwaka huo Azimio la Zanzibar likalegeza yale masharti ya uongozi, na mwaka huo huo sheria ya 1977 ikarekebishwa, daktari mwenye sifa akaruhusiwa kufungua kituo chake kwa kibali cha wizara. Mambo hayo mawili hayasimuliwi pamoja, lakini kwangu yanakwenda pamoja. Taifa lilikuwa linakiri kwamba haliwezi tena kumlipa mtumishi wake mshahara wa kumtosha, kwa hiyo linampa ruhusa ya kutafuta kwingine baada ya kazi.

Ruhusa hiyo imedumu kuliko mshahara ulivyokua. Mgomo wa madaktari wa 2012 ulikuwa na madai mengi, vifaa na mazingira ya kazi yakiwemo, lakini lililokaa vinywani mwa watu ni mshahara wa kuanzia wa 3,500,000, wakati uliokuwapo haukufika 1,000,000. Rais Kikwete aliwajibu hadharani kwamba serikali haina uwezo huo, na asiyeridhika yuko huru kutafuta mwajiri anayeweza. Wengi hawakutafuta mwajiri. Walitafuta chumba cha kupanga.

Mtindo huu una gharama na anayeilipa ni mgonjwa. Daktari mwenye vituo viwili hana saa 48. Foleni ya asubuhi katika hospitali ya umma inapomwona akitazama saa, inajua anakokwenda. Kuna sentensi inayosemwa kwa sauti ya chini nchi nzima, "njoo jioni kwangu nikuangalie vizuri." Mgonjwa aliyeambiwa hivyo ameshalipa mara moja kwa kodi yake na sasa analipa tena kwa ada, na maana yake ni kwamba asubuhi hakuangaliwa vizuri. Tiba ya hilo ipo nusunusu. Muhimbili ilianzisha utaratibu wa madaktari wake kuona wagonjwa wa kulipia ndani ya hospitali hiyo hiyo, fedha ikagawanywa kati ya daktari na hospitali. Naupenda kwa sababu unamwondolea daktari mzigo wa zile 3,100,000, kwa kuwa jengo, muuguzi na umeme tayari vipo. Hofu yangu ni kwamba bila usimamizi korido ya kulipia inameza korido ya kawaida, na ile "njoo jioni" inageuka kuwa "pita mlango wa pili."

Wanaodhani kwamba nchi ikiendelea kila daktari atakuwa na kliniki yake watazame Marekani. Kwa takwimu za chama cha madaktari cha huko, AMA, mwaka 2012 asilimia 60.1 ya madaktari walikuwa kwenye kliniki zinazomilikiwa na madaktari wenyewe. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 42.2. Wanaouza kliniki zao kwa hospitali wanataja sababu ambazo mhasibu wetu wa fomu angezielewa bila mkalimani: hospitali kubwa inapata bei nzuri zaidi mbele ya kampuni za bima, vifaa ni ghali, na karatasi haziishi. Uingereza walitoka upande mwingine. Walipoanzisha NHS, huduma yao ya afya ya taifa, mwaka 1948, madaktari bingwa wa hospitali walikubali mshahara huku wakibakiziwa haki ya kutibu wagonjwa binafsi, na madaktari wa mitaani wakabaki kuwa wakandarasi wenye mkataba na serikali. Wale wa mitaani ni wa kujitegemea hadi leo, lakini mlipaji ni mmoja.

Sisi nasi tunaelekea kwenye mlipaji mkubwa. Machi 2024 hospitali binafsi kupitia chama chao, APHFTA, zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa kukataa bei za kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko huo unalipa. Mvutano ulimalizwa mezani, lakini siku zile zilionyesha jambo ambalo bango la kliniki haliandiki. Bei ya kazi ya daktari binafsi haipangwi na daktari binafsi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikifika mtaani kama ilivyokusudiwa, wagonjwa wa kadi hawatakuwa nusu, watakuwa wengi mno, na wa fedha taslimu watabaki wachache. Litakuwa jambo jema kwa yule mama mwenye mtoto begani. Kwa kliniki ya mtu mmoja, itategemea mambo mawili: kitita kinamthamini mgonjwa kwa shilingi ngapi, na fomu zinalipwa baada ya muda gani. Ukishusha ile 15,000 iwe 12,000, wagonjwa wa kufidia gharama wanatoka 8 na kufika 10, na mgonjwa wa kumfikia wa Bombo anakuwa wa 16. Sheria inaweza kuwajaza watu benchi na bado kliniki ikafungwa.

Nina mambo mawili ya kuongeza upande wa ajira, kwa sababu vijana hawayahesabu. La kwanza ni masomo. Mtumishi wa umma akiruhusiwa kwenda kusomea ubingwa kwa miaka 3 mshahara wake unaendelea, na kwa 1,500,000 hiyo ni 54,000,000 alizolipwa akiwa darasani. Mwenye kliniki akienda masomoni anafunga mlango. La pili ni uzazi. Daktari mwajiriwa ana siku 84 za likizo yenye malipo, na daktari mwenye kliniki ana siku alizojaliwa na mfuko wake. Sishangai kwamba ukipita kwenye mabango ya kliniki za mjini, majina ya wanawake ni machache kuliko idadi yao wodini.

Kuna wa tatu ambaye baraza la kahawa halimtaji kabisa, na ndiye anayeongezeka. Ni kijana aliyemaliza chuo, hajapata ajira serikalini, hana mtaji wa kliniki, anashika zamu kwenye hospitali binafsi. Tuseme zamu ya usiku ni 40,000 na anapata zamu 15 kwa mwezi, 600,000. Anavaa koti la hospitali, anafuata ratiba ya hospitali, anamjibu mganga mfawidhi. Akifika dirisha la mhasibu ghafla anageuka mtoa huduma binafsi. Anakatwa kodi ya zuio asilimia 5 kama mkandarasi, 30,000. Hakuna NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, ambayo kwa mwajiriwa wa kawaida ingekuwa asilimia 20 ikichangiwa na pande mbili, hakuna bima, hakuna likizo. Bodi ya Mikopo inamtaka ile 100,000 ya chini. Anabaki na 470,000, na akiugua wiki mbili anabaki na deni.

Huyu ana hasara za pande zote mbili: anatumwa kama mwajiriwa, na mwezi ukiwa mbaya anaubeba peke yake kama mwenye kliniki. Usiku wa manane, wazee wa baraza wakiwa wamelala, yeye ndiye anayempokea mjukuu wao mwenye degedege. Hospitali binafsi zinakaguliwa, wakaguzi wanahesabu vitanda, wanaangalia tarehe za dawa na leseni iliyotundikwa ukutani. Waombe pia mikataba ya wanaoshika zamu na risiti za NSSF za miezi mitatu iliyopita. Na wakiambiwa kwamba hao ni madaktari wa kujitegemea, waulize ratiba ya zamu inapangwa na nani.